Kesi ya Paulo Haijasikilizwa

Msomaji anayeifuata kesi ya Paulo katika Matendo ya Mitume, kuanzia sura ya 21, hafiki kwenye hukumu. Anamwona akikamatwa hekaluni Yerusalemu, akipelekwa usiku chini ya ulinzi mpaka Kaisaria, akisimama mbele ya gavana wa kwanza, kisha wa pili, kisha mbele ya mfalme Agripa. Anamsikia akikata rufaa kwa Kaisari. Anapanda naye meli, meli inavunjika, wanaponea Malta. Wanafika Roma. Halafu Luka anaandika kwamba Paulo alikaa huko miaka 2 katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, akiwapokea wote waliomjia, na kitabu kinaishia hapo. Kaisari hajaketi. Shahidi hajaitwa. Kesi iliyochukua karibu robo ya kitabu kizima imebaki ikingoja siku ya kusikilizwa.

Wataalamu wameandika mengi kueleza kwa nini Luka alinyamaza. Mimi nawaomba, wapendwa, juma hili tuisome kesi hiyo kama watu wa Bukavu. Tukitaka kuhubiri juu ya mahakama, kwa kawaida tunamwendea yule mjane wa Luka 18 aliyemsumbua hakimu mpaka akakubali. Mjane yule ana mafundisho makubwa, lakini alikuwa na hakimu mjini kwake. Alijua mlango wa kubisha, na alirudi kubisha kila alipotaka. Shida ya wengi wetu ni nyingine: mlango uko mbali, na hatujui dosie iko mezani kwa nani. Katika shida hiyo Paulo ni ndugu yetu wa karibu zaidi.

Mwangalieni kwanza Feliksi. Alikuwa gavana, na uwezo wa kukata kesi ile alikuwa nao. Washitaki walishuka kutoka Yerusalemu wakiwa na msemaji wao Tertulo, mtu wa maneno matamu. Paulo akajibu, akajibu vizuri. Feliksi akaahirisha, akasema anamngoja jemadari Lisia. Luka hasemi popote kwamba Lisia alifika. Anachotuambia ni kilichokuwa moyoni mwa gavana: alitumaini kupewa pesa. Ndiyo maana alimwita Paulo mara kwa mara wakazungumza. Miaka 2 ikaisha hivyo, na Feliksi alipoacha kazi alimwacha mtu kifungoni ili awapendeze waliomshitaki.

Mzazi wa Kadutu au wa Bagira aliyewahi kumfuata kijana wake kasho anaielewa mistari hii bila mwalimu. Kesi imeahirishwa, urudi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa mwenye kushika dosie amesafiri. Hakuna aliyekukatalia na hakuna aliyekuhukumu. Siku tu ndiyo haifiki, na kila mtu aliyeketi kwenye benchi pale nje anajua kwa nini haifiki.

Baada ya Feliksi akaja Festo, na Festo alikuwa na shida ya karani. Paulo amekata rufaa, ni lazima apelekwe Roma, lakini gavana hajui aandike nini katika barua ya kumsindikiza. Alikiri mbele ya Agripa kwamba haina maana kumpeleka mfungwa bila kueleza mashitaka yake. Meli ikaondoka, watu 276 ndani yake, ikavunjika pwani ya Malta. Na Paulo alipofika Roma akawaita wakubwa wa Wayahudi, wao wakamwambia kwamba hawajapata barua yoyote kutoka Yudea juu yake. Soma tena Matendo 28, mstari wa 21. Mtu amefika kwenye mji wa mahakama ya juu kuliko zote, na habari zake hazijafika.

Sisi tunazo kesi kama hizo. Usiku wa 31 Julai 2005 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Pascal Kabungulu Kibembi hapa Bukavu, wakamuua mbele ya watu wa nyumbani mwake. Alikuwa katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, shirika la haki za binadamu lililozaliwa ndani ya makanisa yetu ya Kiprotestanti. Kesi haikuchelewa kufunguliwa. Novemba mwaka uleule tribinali ya kijeshi iliketi hapa mjini. Halafu Desemba tribinali ikasema haina uwezo wa kuendelea, na dosie ikaelekezwa Kinshasa, mahakama ya juu. Sheria yetu ya kijeshi haimruhusu ofisa kuhukumiwa na majaji wenye cheo kilicho chini ya chake, na sababu ya namna hiyo inatosha kuiondoa kesi mahali damu ilipomwagika. Miaka ikapita. Walioendelea kuandika juu ya kesi ile waliandika kuuliza siku ya kusikilizwa.

Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata ukipima kama ndege anavyoruka, na hakuna barabara ambayo mama wa Bunyakiri au wa Mwenga angeweza kuifuata mpaka mwisho. Katiba ya 18 Februari 2006 iliigawa Mahakama Kuu ya zamani kuwa tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasioni na Baraza la Dola. Zote tatu zina makao Kinshasa. Kwenye Kasasioni hata avoka wa kawaida hasimami. Wanaosimama ni wale walioandikishwa kwa mahakama hiyo. Na majaji wake hawarudii kuuliza nani aliona nini; wanachunguza kama sheria ilifuatwa. Sisemi kwamba mpango huu ni mbaya. Nchi inahitaji mahakama ya mwisho, na mahakama ya mwisho haiwezi kuanza kila kesi upya. Lakini kifungu cha 19 cha Katiba hiyohiyo kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa na hakimu mwenye uwezo, katika muda unaofaa. Maneno hayo mawili, kusikilizwa na muda, ndiyo maskini wa jimbo hili wamenyimwa kuliko mengine yote.

Kwa hiyo nataka tukae kidogo Kavumu.

Kati ya 2013 na 2016, katika vijiji vya Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini ya mji, watoto wa kike walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wakabakwa, wakaachwa mashambani. Walikuwa karibu 40. Mdogo kabisa hakuwa amefikisha miaka 2. Waliopona uhai walipelekwa hospitali ya Panzi. Kwa miaka kama 3 wazazi walipeleka malalamiko, kila moja likafunguliwa dosie yake, na dosie hizo hazikuunganishwa. Kila familia ilionekana kama ina msiba wake peke yake. Mwaka 2016 waendesha mashitaka wa jeshi walizichukua zote pamoja kama uhalifu dhidi ya binadamu, na mwezi wa Juni mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, akakamatwa pamoja na watu wake. Kundi lao liliitwa Jeshi la Yesu.

Siwezi kulipita jina hilo haraka. Waliotenda yale walijiita kwa jina tunaloliitia sisi kila Jumapili. Wako watoto ambao, kabla hawajajifunza wimbo mmoja wa shule ya Jumapili, walilijua jina la Bwana wetu kama jina la watu wa usiku. Kanisa likitaja Kavumu lisianze na pongezi kwa mahakama. Lianze na aibu hiyo, na liulize ni nani kati yetu, wachungaji na wazee wa kanisa, aliyesikia fununu akanyamaza kwa kuwa mtu yule alikuwa mheshimiwa.

Tarehe 9 Novemba 2017 Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini ilitoka mjini ikaketi Kavumu kwenyewe, karibu na nyumba za watoto hao. Watoto hawakusimamishwa mbele ya watu. Maneno yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video, ili wasilazimishwe kusimulia tena na tena, na mashahidi walioogopa walisema wakiwa wamefichwa, sauti zao zimebadilishwa. Tarehe 13 Desemba mahakama ikawahukumu Batumike na wenzake 10 kifungo cha maisha. Walikata rufaa. Hapo ndipo kesi kama hii ingeweza kupanda ndege na kupotea. Lakini Julai 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilikuja yenyewe Bukavu kusikiliza rufaa, na tarehe 26 mwezi huo ikathibitisha hukumu.

Mahakama ya juu ilishuka kwa watu. Ilikuwa ndege moja, majaji wachache, siku kadhaa za Julai, na baba aliyetoka Kavumu kwa teksi akaweza kusikia kwa masikio yake mwenyewe upande wa pili unasema nini na majaji wanajibu nini. Nchi hii inajua kulifanya jambo hilo. Ilishalifanya.

Najua mtu atauliza: wamesikilizwa, wamepata nini? Ni swali la haki. Mahakama iliamuru fidia ya dola 5,000 kwa kila mtoto aliyebakwa na dola 15,000 kwa familia za waliouawa, na ikakataa kuibebesha Serikali lawama ya kushindwa kuwalinda. Miaka baadaye familia zilikuwa bado zinalalamika kwamba hazijaona kitu. Mimi naona kukataa kule kulikuwa kosa, kwa sababu wazazi walilia mlangoni mwa Serikali kwa miaka kama 3 kabla Batumike na watu wake hawajakamatwa. Hata hivyo siamini kwamba kusikilizwa kulikuwa bure. Kabla ya Novemba 2017 kijijini kulikuwa na maneno ya kila namna: ni uchawi, ni laana, ni mama hakufunga mlango. Mahakama ilipokwisha kusikiliza, maneno hayo yalikosa pa kusimama. Ilitamkwa hadharani, kwa jina la raia wote wa Kongo, kwamba watu fulani walipanga na kutenda, na kwamba mama hakukosa.

Ayubu aliililia haki hiyohiyo. Katika sura ya 23 haombi kwanza mali yake wala afya yake. Anaomba kujua mahali Mungu anapoketi, afike, apange kesi yake, ajaze kinywa chake hoja, na asikie atajibiwa nini. Rafiki zake walishamwandikia hukumu. Waliijua sababu ya mateso yake kabla hajafungua kinywa. Yeye akazikataa hukumu za barazani, akasisitiza juu ya kikao cha juu. Na Mungu mwishoni alipomjibu, hakumkemea Ayubu kwa kuthubutu kudai kusikilizwa. Hasira yake iliwaka juu ya wale rafiki. Tukumbuke hilo tunapomwambia mjane wa vita anyamaze na amwachie Mungu. Huenda sisi ndio rafiki wa Ayubu.

Tangu mwaka 2025 mambo yamekuwa mazito zaidi. Tarehe 12 Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliketi Arusha kusikiliza mawakili wa Kongo na wa Rwanda katika kesi ambayo nchi yetu iliifungua mwaka 2023. Siku mbili baadaye uwanja wa ndege wa Kavumu ulianguka. Tarehe 16 Februari kundi lenye silaha la AFC/M23 lilikuwa limeushika mji wa Bukavu. Milango ya magereza ilifunguka siku zile, ya gereza letu kuu na ya Kabare, wakatoka waliohukumiwa na waliokuwa bado wanangoja kuhukumiwa, wote pamoja. Kazi ya mahakama za Serikali hapa mjini ikasimama. Ndege hazikutua tena Kavumu. Yule ambaye dosie yake ilikuwa imepangiwa siku mwezi wa Machi, hajui aulize wapi. Na yule aliyebakwa, ambaye mbakaji wake alikuwa ndani, sasa anaweza kukutana naye njiani sokoni Nyamugo.

Arusha, tarehe 26 Juni 2025, majaji walisema kwamba wanao uwezo wa kuisikiliza kesi ile. Swali la nani alitenda nini na nani anapaswa kulipa halikukatwa katika uamuzi huo. Wale kati yetu wenye umri wanakumbuka kwamba The Hague, tarehe 3 Februari 2006, mahakama ya kimataifa ilijibu kinyume: katika kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilisema haina uwezo, na mambo yenyewe hayakuchunguzwa. Kwa hiyo neno la Arusha si dogo. Lakini tusidanganyane juu ya muda. Kesi yetu dhidi ya Uganda ilipelekwa The Hague Juni 1999. Ilisikilizwa Aprili 2005, ikahukumiwa Desemba mwaka huo, ikarudi kusikilizwa juu ya fidia Aprili 2021, na tarehe 9 Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Mtoto aliyezaliwa Ituri mwezi dosie ilipofunguliwa alikuwa na miaka 22 hesabu ya fidia iliposomwa. Wazazi wake, kama walikuwa hai bado, walikuwa wamezeeka.

Sasa turudi Roma, kwenye ile nyumba ya kupanga. Paulo alifanya nini ndani ya miaka ile? Luka anasema alihubiri bila kuzuiwa, na sisi wahubiri tunapenda kuishia hapo. Lakini tazama alichofanya kwanza. Siku 3 tu baada ya kufika aliwaita watu akawaeleza kesi yake: alikamatwaje, alisema nini, kwa nini alikata rufaa. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Aliieleza kwenye ngazi Yerusalemu, akaieleza mbele ya baraza, mbele ya Feliksi, mbele ya Festo, mbele ya Agripa. Barua ya Festo huenda ilipotea. Maneno ya Paulo hayakupotea, kwa sababu hakuyaacha yalale, na kwa sababu pembeni yake alikuwako mtu anayeandika. Bila Luka tusingejua hata jina la Tertulo.

Kanisa la Bukavu limeitwa kuwa Luka wa watu wake. Mahakama zinaweza kufungwa mwaka mmoja au kumi. Mashahidi wanakufa kila mwezi. Wale walioona mauaji ya Kasika tarehe 24 Agosti 1998, waliokuwa watu wazima siku ile, leo ni wazee. Waliokuwa karibu Nyawera jioni ya 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa, wanapungua, na hakuna mahakama iliyowahi kusoma hukumu juu ya kifo chake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi hachoki kuitaja, iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na kwa kazi hiyo wachunguzi waliwasikiliza watu zaidi ya 1,280. Iliwezekana kwa sababu watu walikumbuka, na kwa sababu parokia, makanisa na mashirika ya hapa yalikuwa yamehifadhi karatasi. Siku majaji watakapouliza juu ya miaka hii ya sasa, wataomba kitu hichohicho.

Basi naomba jambo moja kwa vikundi vyetu vya maombi juma hili. Baada ya kusoma Matendo 24 na 25, na sura ya 28 kuanzia mstari wa 16, aulizwe kwa upole kila mwenye kesi inayongoja: imefikia wapi, nani alikuwa avoka, namba ya dosie ni ngapi, karatasi ziko wapi. Asilazimishwe mtu. Nyakati hizi si salama, na mwenye kuogopa ana sababu yake. Huyo aombewe na aachwe. Kwa mwenye kukubali, mtu mmoja tu anayeaminiwa na familia aandike: jina, mahali, tarehe, aliyeona kwa macho yake na alichokiona. La kusikia liandikwe kando, lisichanganywe na la kuona. Nakala isikae nyumba ileile na karatasi za kwanza. Na kama ni mama aliyeteswa, asihojiwe na kikundi kizima. Aketi na mama mwenzake, aseme anachotaka kusema, aache anapotaka kuacha, na asiulizwe tena jambo aliloliandikisha tayari.